Zamu ya Kusimama

Bi Harusi alikuwa auawe kwa sindano siku ya Ijumaa, na mimi ndiye niliyeidai hiyo sindano kwa mdomo wangu mwenyewe. Jamani, ningefanya nini? Farasi ameniulia kaka, kesho yake asubuhi anagonga mlango kwa kwato anataka majani yake kama kawaida!

Kaka alikuwa mtunzaji mkuu wa farasi katika shule ya kufundishia watu kupanda, na mimi nilifanya kazi chini yake miaka kumi na minane. Yeye walimpenda kwa upole wake. Mimi waliniita Pilipili, na sikuwahi kuwauliza kwa nini. Jumatatu saa saba mchana tulimkuta amelala chali ndani ya chumba cha Bi Harusi, kifua kimebonyea, na yule farasi jike mweupe amesimama juu yake, anamnusa nywele. Wote tulisema neno moja: teke. Jumanne tukamzika. Bosi aliponiuliza tumfanyeje yule mnyama, nilimjibu palepale makaburini, mbele ya wifi yangu, kwamba sitaki kumwona akipumua.

Daktari wa mifugo asingepatikana kabla ya Ijumaa. Farasi wengine wote walihamishiwa uwanja wa juu, Bi Harusi akabaki peke yake kwenye banda zima. Hakuna aliyetaka kumlisha. Nikasema nitamlisha mimi. Nilitaka anitazame usoni na alichokifanya akijue, kwa sababu farasi anakumbuka sura ya mtu miaka na miaka, na uso wenye hasira anautambua upesi kuliko mkwe anavyoutambua wa mama mkwe.

Hakunitazama. Hilo ndilo lililonikera kwanza, halafu ndilo lililonitisha. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, kwa hiyo masikio ndiyo yanakwambia akili yake iko wapi. Masikio yake yote mawili yalikuwa yameelekezwa kwenye kona, karibu na hori la majani. Nikaenda kuangalia. Palikuwa na ndoo, maranda ya mbao sakafuni, na ukuta. Ila kwenye ukuta chokaa ilikuwa imefutika sehemu moja, kimo cha bega la mtu mrefu, kama vile kuna mtu alikuwa akiegemea pale kila siku. Miaka yote nimefagia chumba hicho na alama hiyo sikuwahi kuiona.

Bi Harusi akanyoosha shingo kuelekea hapo. Akanusa hewa, kisha akapandisha mdomo wa juu mpaka ufizi ukaonekana. Wageni wakiona hivyo hucheka, wanadhani farasi naye anacheka. Wapi! Farasi hufanya hivyo akikutana na harufu anayotaka kuijua vizuri, ameikamata anaivuta ndani. Na yeye alikuwa ameikamata kutoka hewani, pasipo na kitu, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama.

"Acha wazimu wewe," nilimwambia. Sauti ilinitoka nyembamba, nikaona aibu, nikatoka.

Usiku huo sikulala. Tangu Jumatatu nilikuwa silali, nafumba macho tu.

Alhamisi mchana niliosha ndoo kwenye bomba la nje. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi, Bi Harusi alikuwa ametandazika ubavuni, shingo imenyooka, miguu inarukaruka. Nikadhani amekufa, na nikasikitika, mimi huyuhuyu niliyeomba afe! Kisha nikasikia anakoroma. Alikuwa anaota. Nikasimama pale nimeshika ndoo mpaka akaamka mwenyewe, akainuka, akajikung'uta. Akatazama kwenye kona, akatoa ile sauti ya chini ya puani ambayo farasi humtolea mtu anayemfahamu. Wala hakunitolea mimi.

Ijumaa daktari alifika na mkoba wake. Bosi alikuwepo, wifi pia, amejifunga khanga kichwani, amekuja kushuhudia. Nilifungua mlango wa chumba. Daktari, mzee asiyependa haraka, hakufungua mkoba. Alichuchumaa akatazama miguu ya mbele.

"Dada, haya majeraha ni ya lini?"

Juu kidogo ya kwato, upande wa mbele, ngozi ilikuwa imechubuka miguu yote miwili. Mengine yalishakauka, mengine mabichi. Sikuwa nimeyaona. Kumwosha miguu ilikuwa kazi ya kaka.

"Huyu anaanguka," daktari alisema. "Farasi anasinzia wima, magoti yake anaweza kuyafunga yakamshika. Lakini usingizi wenyewe, ule wa ndoto, lazima alale chini. Na halali chini mpaka mwenzake anayemwamini awepo, amesimama, anamlinda. Akikosa mlinzi atasimama siku nyingi, tena nyingi sana, mpaka usingizi umwibe. Hapo miguu inakatika, anaporomoka na uzito wake wote." Akamgeukia wifi kwa upole. "Mama, samahani kwa swali. Marehemu alikuwa na alama ya kwato mwilini?"

"Hapana," wifi alisema. "Nilimwona mwili mzima. Kifua tu."

"Basi hakupigwa. Ameangukiwa. Nani alikuwa mwenzake huyu farasi?"

Nilitazama chumba cha pili, kile chenye dirisha la nondo linalotazama huku, kilichojaa matandiko ya kupandia farasi mpaka juu. Hapo ndipo alipokuwa Babu, farasi mkongwe wa jicho moja, ambaye hakuwa amebeba mtu miaka sita. Wiki nne kabla ya hapo kaka alikwenda kuuguza ukweni, na mimi nikaona nafasi. Nilimtoa Babu nikampeleka kibanda cha nyuma, nikapanga matandiko vizuri, nikajipongeza. Kaka aliporudi alinisihi. "Mdogo wangu, mrudishe Babu. Bi Harusi halali." Nikamcheka mbele ya vijana wa kazi. Nikamuuliza, kwani bibi harusi analilia mume? Hakuwa mtu wa kubishana, na mimi nikahesabu nimeshinda.

Sasa kilichobaki kilikuwa rahisi. Ningenyamaza tu, daktari angefungua mkoba, na jambo lingezikwa pamoja na farasi. Nawaambia ukweli, nilinyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha kusikia nzi ukutani. Bi Harusi akageuza masikio kutoka kwenye kona akayaelekeza kwangu, yote mawili.

"Ni mimi," nilisema. "Babu nilimtoa mimi. Kaka alinisihi nimrudishe, nikakataa. Msimdunge. Wifi, huyu hajamuua mtu. Niliyemuua kaka ni mimi."

Bosi akaanza kusema maneno ya kutuliza, wifi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anatazama ile alama kwenye chokaa.

"Wiki tatu hakuja nyumbani kula mchana," alisema polepole. "Nikamtuhumu ana mwanamke. Akacheka, akaniambia ana zamu ya kusimama. Nikamwona ananifanya mjinga." Akaigusa ile sehemu ya ukuta kwa kiganja. "Kumbe alikuwa hapa, anasimama badala ya Babu."

"Muda wa mchana tu ulikuwa mchache mno kwa farasi anayekesha usiku kucha," daktari alisema.

Kisha wifi akaondoka bila kunitazama. Mpaka leo hatujazungumza. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu sasa.

Mchana ule ule nilitoa matandiko peke yangu, moja moja, nikamrudisha Babu. Wakanusana puani kwenye nondo. Bi Harusi hakuchukua hata robo saa, alikunja miguu akalala. Nikasema basi, Babu anasimama, mambo yamerudi sawa. Nikageuka niende zangu, nikasikia nyuma yangu maranda yanasagika chini ya kitu kizito.

Babu naye alikuwa amelala. Wote wawili, chini, ubavu, macho yamefumbwa. Miaka kumi na minane nimelala na kuamka na farasi, na kila mara mmoja hubaki wima. Banda zima halikuwa na farasi mwingine, wala mtu, isipokuwa mimi, nami nilikuwa nimewapa mgongo, naondoka.

Ningekimbia. Nilitaka kukimbia, nikarudi hatua mbili. Nikatazama kwenye kona. Palikuwa na ndoo, maranda, na ule ukuta uliofutika chokaa.

"Kaka," nilisema, "nisamehe."

Bi Harusi alishusha pumzi ndefu usingizini. Nikaingia chumbani kwake, nikajilaza juu ya maranda kando ya mgongo wake, nimeielekea ile kona, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikalala.