Ombi la Sajini Elisifa

Sajini Elisifa alikuwa na mwili mdogo, na kwa sababu hiyo mashimo yote ya Moshi yalikuwa yake. Choo kikititia na mtu ndani, kisima kikimfukia mchimbaji, sisi wenye mabega mapana tulishika kamba na yeye akashuka. Mimi, Shedrack, nilikuwa dereva wa gari la zimamoto. Nilimpeleka kwenye mashimo hayo kwa miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akisema, "Leo sishuki."

Mwaka wake wa mwisho kazini ilikuja kamati ya wabunge kutusikiliza kuhusu mishahara na mafao ya kustaafu. Hatukubishana nani atusemee. Aliyekataa ni Elisifa mwenyewe.

"Mimi naondoka," alisema. "Aseme anayebaki."

"Ndiyo maana useme wewe, mama," nikamjibu. "Anayeondoka haogopi uhamisho."

Akacheka, akakubali.

Wageni wakaketi ukumbini. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akamkaribisha azungumze. Elisifa akasimama, akanyoosha sare yake, na kabla hajamaliza kuwasalimu, king'ora kikalia. Kirua Vunjo kuna mtu ameshuka kisimani kutoa tope. Anaitwa, haitiki.

Kikosi cha zamu kilikuwa kamili, na hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki amalize. Lakini alimgeukia mwenyekiti.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa. Visima vya kule ni vyembamba."

Alipojibiwa alikuwa ameshafika mlangoni.

Nilipandisha mlima kwa kasi yote ambayo gari lile zito lilikuwa nayo. Kwenye kioo nikaona gari la wageni linatufuata katika vumbi letu.

Kisima kilikuwa ndani ya kihamba cha watu, katikati ya migomba na kahawa. Pampu ya petroli ilikuwa imeteremshwa humo kuvuta maji, na moshi wake ukajaa chini. Huo ndio uliomwangusha mwenye kisima, Filemon. Mkewe, Zita, alikuwa amepiga magoti ukingoni akiliita jina lake, sauti imeshamkauka.

Elisifa akamshika mabega. "Mama, mumeo nitamwita mimi sasa, kwa karibu. Sogea nipite."

Akavaa mtungi wa hewa mgongoni, akachukua barakoa ya pili kwa ajili ya Filemon, akafunga kamba mbili, moja yake na moja ya mgonjwa. Tukamshusha. Tulisikia mtungi ukikwaruza kuta, kisha kimya. Halafu pande la udongo likamomonyoka ubavuni mwa kisima, likaanguka kwa kishindo, na chini tukasikia mlio mfupi wa maumivu.

"Elisifa, panda!" kamanda akapiga kelele. "Tunakuvuta!"

Kamba yake haikutikisika. Iliyotikisika ni ile ya pili. Tukaivuta, na kichwa cha Filemon kikatokea, amevishwa barakoa, uso umejaa tope. Tulipomlaza chini alikohoa, akakohoa tena, na Zita akapiga yowe ambalo nadhani lilifika Himo. Ndipo sajini wetu akakubali kuvutwa. Alipotoka hakuweza kunyoosha mgongo. Tukamlaza kwenye blanketi chini ya mibuni.

Mwenyekiti akaja na viatu vimejaa udongo, akachuchumaa kando yake. "Sajini, tulikatizwa. Utaweza kusema, au tusubiri upone?"

"Nitasema, mheshimiwa." Alikuwa akihema. "Sisi tunasifiwa sana. Kila tukimtoa mtu tunasifiwa, na tunashukuru. Lakini kuna mwenzetu anaitwa Basili. Mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa nyumba za watu. Siku alipovua sare, matibabu yake yakakoma. Kiinua mgongo chote kikaishia kwenye dawa, na sasa yuko chumba cha kupanga Majengo, anakohoa. Vijana hawa wanamjua. Wakiingia motoni, yeye ndiye wanayemwona. Mishahara iongezwe, ndiyo. Ila mwili ulioumia kazini utibiwe hata kazi ikiisha."

"Na mimi nitakwenda Dodoma kulisema hilo," Zita akadakia, mkono wa mumewe kifuani mwake. "Mkiniita nitakuja."

Mwenyekiti hakuahidi kitu. Alisema tu, "Nitalifikisha kama ulivyolisema." Baadhi yetu tulinung'unika kimoyomoyo, maana maneno ya wageni tulikuwa tumeyazoea. Elisifa akastaafu akiwa amelala kitandani, na tukawa tunachangishana kumnunulia dawa.

Yule mama alilifikisha. Tulisikia alilisema mara ya kwanza likapita hewani, akalisema tena, na mara ya tatu akamwita Zita mbele ya kamati. Katika bajeti ya mwaka uliofuata mishahara ilipanda, si kwa kiwango tulichoomba, na posho ya kazi za hatari ikaongezwa. Lakini la matibabu lilipita lote, hata kwa waliokwisha kustaafu.

Nilikwenda kwao Rombo kumpa habari, nikamkuta anatembelea fimbo. Hakushangilia. Alikaa kwenye kigoda, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akasema, "Basi anzeni na Basili. Mimi mgongo utangoja." Na kweli hakuingia gari la hospitali mpaka aliposikia Basili amelazwa na anatibiwa.

Upasuaji wa mgongo wa Elisifa ulikwenda vizuri. Siku hizi anauza maharage katika soko la Tarakea. Anatembea ameinama kidogo upande mmoja, lakini anatembea bila fimbo. Nilipita juzi nikamkuta anabishana na mteja kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Shikamoo, afande. Mgongo je?"

"Marahaba, Shedrack. Mgongo upo." Akanionyesha gunia kwa kidevu. "Shika upande ule, tumpakilie mteja."