Dawa ya Hervé kwa Mtoto wa Moto

Mwaka ule wa 1997, vibanda viwili vya nyasi vilipoungua ufukoni Kashikishi, wanaume walioshindwa kuchota hata ndoo moja, ziwa likiwa hatua ishirini tu, waligeuka ghafla kuwa mabingwa wa mapepo. Aliyewasha ni Gaëlle, msichana wa miaka minane, binti wa Clotilde, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo. Hervé, mwenyekiti wa wachuuzi, akapanda juu ya kreti.

"Bon! Huyu mutoto iko na pepo. Siku ya posho, hii Jumamosi, atapanda mutumbwi, aende kisiwa ya Chisenga ku maombi. Miezi tatu, bila kula muchana."

Clotilde aliangua kilio. Dorica, mbanika samaki jirani yake, alicheka kwa dharau. Mtoto ashinde njaa ili moto uogope!

"Muniachie mutoto mpaka posho," alisema.

"Umufundishe nini? Kuunguza muzuri?" Hervé aliuliza. Watu wakacheka. Wajinga hawakosi wa kuwachekea.

Dorica akamkalisha Gaëlle kando ya tanuri lake la kubanikia. Hakumpiga, alimwuliza anataka kujua nini. Kaa likifunikwa majivu huishi muda gani? Nyasi huanza kushika wapi? Mwenyekiti hajawahi kuuliza maswali mazuri kama hayo. Waliyajibu pamoja kwa kujaribu, mchanga wa kuzimia ukiwa karibu, na sharti moja: mtoto hagusi moto bila mtu mzima. Jumatano Gaëlle aliiba kijiti cha kiberiti. Jioni akakirudisha mwenyewe, akilia.

Jumamosi mtumbwi ulipakiwa, furushi la Gaëlle likiwemo. Hervé alikuja kusimamia, na akiwa hajanywa chai, kwa mazoea tu akamnyooshea mtoto kopo.

"Gaëlle, kimbia ku tanuri, uniletee makaa. Kama kila siku."

Gaëlle akaficha mikono nyuma. "Hapana, papa. Upepo iko mukali. Na mi niko mutoto."

"Kila siku?" Dorica aliuliza kwa sauti ya kusikika pwani nzima. "Unamutumaka na moto katikati ya nyasi?"

"Kibiriti iko beyi kali," Hervé alinong'ona.

Safari hii hakucheka mtu. Clotilde aliingia majini mpaka magotini, akatoa furushi la bintiye mtumbwini, akamgeukia mwenyekiti.

"Nafasi iko, papa. Panda wewe."