Aliyepiga Miayo kwa Mzee Wenceslao

Kupiga picha mtaani ni kazi ya kusimama. Watu wanadhani ni kukimbia huku na huku na kamera shingoni, lakini mimi husimama mahali pamoja mpaka wenyeji wachoke kunitazama, wanione kama nguzo ya umeme tu. Hapo ndipo naanza.

Siku ile nilikuwa nguzo dukani kwa Mzee Wenceslao, nyuma ya soko la Merced, hapa Mexico. Yeye ni fundi wa sanamu za plasta za Mtoto Yesu. Kesho yake ilikuwa Kandelaria, siku ambayo kila nyumba humvalisha Mtoto wake nguo mpya na kumpeleka kanisani abarikiwe. Sasa kama paka kamwangusha, utampelekaje mbele ya padri hana pua? Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya sikukuu duka hujaa kama zahanati, na mzee wa watu wanamwita daktari.

"Huyu kapatwa na nini?"

"Kaanguka, daktari."

"Kaanguka au kaangushwa?"

"Mume wangu alikuwa anacheza dansi."

"Basi mlete na mume nimtie plasta."

Watu wakacheka, foleni ikasogea.

Fidencio, mhariri wa picha wa gazeti letu la wiki, alikuwa amenituma nitafute picha ya jalada. "Usiniletee mapadri, Maricruz," alisema, "mapadri ninao tele." Basi nikajibana pembeni, karibu na ndoo ya rangi, nikaielekeza kamera kwenye kaunta. Juu yake sanamu zilizokwisha kutengenezwa zililazwa kwa mstari, kila moja imefungwa blanketi, nyuso tu zikionekana. Huku kwetu hakuna anayembeba Mtoto Yesu kama mzigo. Anabebwa kifuani, kichwa kimeshikiliwa, uso umefunikwa asipigwe na upepo. Mwanga wa mlangoni ulianguka vizuri juu ya zile nyuso. Nikapiga picha nyingi mfululizo bila kusogea, nikamshukuru mzee, nikarudi ofisini.

Fidencio alikuwa anakula mkate wake wa nyama mbele ya kompyuta. Picha zangu zilikuwa zinafanana kama mapacha, na mimi zikifanana hivyo huwa nazipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, nione kilichobadilika.

"Chagua moja tumalize," akasema. "Sanamu hazifumbi macho."

"Ngoja. Huyu wa mwisho, karibu na mizani. Hapa kafumba mdomo. Hapa kaufungua."

"Kivuli hicho."

"Fidencio, amepiga miayo."

Akaacha kutafuna. Nikasogeza picha inayofuata. Yule wa mwisho alikuwa ametoa mkono nje ya blanketi, mkono mdogo, umekunja ngumi. Pembeni yake binti mwenye nywele za kusuka alikuwa ameinama anatoa sanamu yake kwenye kikapu. Picha iliyofuata, Mzee Wenceslao anamnyanyua yule mwenye ngumi na kumkabidhi bibi mmoja wa shali ya kijani. Iliyofuata, bibi yuko mlangoni. Ya mwisho, binti anachukua blanketi jeupe jingine, analikumbatia kifuani, anaondoka.

Bibi kaondoka na mtoto wa watu, binti kaondoka na sanamu. Nilikuwa nimesimama palepale, jicho kwenye lenzi, nikitazama mwanga.

Fidencio alipiga simu dukani. Haikupokelewa, mzee mikono yake huwa imejaa plasta. Nikachomoa kamera, nikatoka mbio.

Nilimsikia yule binti kabla sijafika. Jina lake Yareli. Alikuwa katikati ya duka anafungua blanketi moja baada ya jingine, na chini ya kwapa lake sanamu ilining'inia kichwa chini.

"Mwanangu yuko wapi? Mzee, mwanangu!"

"Binti yangu, mimi sikumwona mtoto..."

"Kaibiwa huyo," mtu akasema kwenye foleni. "Wanawaiba siku hizi."

"Fundi mwenyewe anahusika!" mwingine akadakia, na watu wakaanza kuisogelea kaunta vibaya.

"Hakuibiwa!" nikapaza sauti. "Nipisheni. Dada, njoo utazame hapa."

Nikawasha kioo cha nyuma ya kamera. Yareli akanishika mkono, kucha zikaniingia. Mzee akavaa miwani yenye plasta, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama wee," akasema. "Ni mimi niliyempa. Kwa mikono yangu. Huyo ni Bi Crescencia, mteja wangu wa miaka na miaka."

"Anakaa wapi?" Yareli akauliza.

"Mbali, Iztapalapa. Anapanda basi."

"Akifika anamweka wapi? Sanamu yake huwa anaiweka wapi?"

Mzee akaivua tena miwani.

"Sema, mzee!"

"Kwenye sanduku la kioo. Analifunga kwa kufuli, kwa sababu ya paka."

Yareli hakulia. Alitoka mbio kuelekea kituo cha basi, na sisi nyuma yake: mimi na kamera ikinipiga mbavu, mzee na aproni yake, na nusu ya foleni, kila mmoja na Mtoto wake kifuani. Waliotuona walipiga ishara ya msalaba wakidhani ni maandamano ya kanisa.

Hatukufika kituoni. Pale kwa muuza tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, tulikutana na shali ya kijani inarudi, inatembea kwa hasira, na ndani yake kitu kinalia kwa sauti ya tarumbeta.

"Daktari!" Bi Crescencia alifoka. "Nilikuletea Mtoto ana vidole vinne. Umenirudishia ana kumi, na amenikojolea!"

Yareli alimpokonya mwanawe, akaketi chini palepale kando ya barabara, akafungua blauzi, akamnyonyesha. Kelele zikakatika. Ndipo akalia, huku akicheka humohumo.

"Nilidhani amelala," alisema. "Nimemwimbia njia nzima. Nimeiimbia plasta! Nilipogusa shavu, baridi. Nikasema amekufa."

"Na mimi niligusa shavu kwenye basi, moto," Bi Crescencia akasema. "Nikasema muujiza huu. Nusura nimpigie magoti dereva."

Mzee Wenceslao alikuwa ameegemea ukuta, anafuta uso, na kila akifuta anazidi kuwa mweupe kwa plasta. Muuza tamale akamletea moja bure. Akaila na jani lake.

Bi Crescencia akaona kilichokuwa kwapani mwa Yareli. "Huyo si wangu? Binti, ndivyo anavyobebwa huyo?" Akamgeuza, akamkagua. "Pua imetoka!"

"Mlete," akasema mzee. "Mlete, mama. Nitamtengeneza leo hii hii."

Nilipiga picha moja tu pale: Yareli chini, bibi juu yake na shali iliyolowa. Nikamwuliza Yareli kama naweza kuitoa gazetini.

"Dada, nakuomba, usiitoe," akanikamata mguu. "Mama mkwe wangu ananunua gazeti lenu."

Basi hiyo nimempa mwenyewe. Jalada likawa na ile ya kwanza ya kaunta, nyuso zote kwa mstari, wote midomo imefumbwa. Mama mkwe ameisifu, nasikia.

Kesho yake nilikuwa nguzo tena, mlangoni mwa kanisa. Bi Crescencia alikuwa kwenye foleni na Mtoto wake wa nguo za dhahabu. Padri alipokaribia, bibi alifunua blanketi haraka, akaweka kidole shavuni, akasikilizia.

Baridi. Akashusha pumzi, na mimi nikapiga picha.