Mshono wa Kumi na Nne

Shaa. Kimya. Shaa. Sauti ilimfikia msimamizi wa mabomba kabla hajafungua mlango wa chumba cha pampu, naye akajua kaka yake bado yu hai.

Pampu ya kituo ilikuwa ya pistoni. Ilisukuma, ikapumzika, ikasukuma tena. Yaliposukumwa, maji yalikwenda yamenyooka, bila neno. Yalipolegezwa ndipo yalipojikwaa kwenye mshono mmoja wa bomba kubwa, yakajizungusha na kunong'ona, mpaka pistoni iliporudi kuyanyoosha. Wageni hudhani maji huvurugwa na nguvu. Mafundi wanajua huvurugika nguvu inapopungua.

Ndani ya mshono ule ulibaki ukingo wa chuma, mwembamba kama ukucha. Nje, pembeni yake, iligongwa namba kumi na nne. Kila mchomeleaji wa kituo alikuwa na muhuri wake wa chuma, na akimaliza mshono aligonga namba yake hapo. Kumi na nne ilikuwa ya kaka, ambaye wenzake walimwita Rula kwa jinsi alivyolaza mabomba yakanyooka. Lakini mshono ule aliuchomelea mdogo wake, miaka sita iliyopita, mbiombio, akiwa bado kwenye majaribio na hana muhuri. Aliazima wa kaka. Mshono ulipoanza kelele, ofisi ilisoma namba ikamfukuza kumi na nne. Rula hakusema kitu. Mdogo wake alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Mdogo mtu naye hakusema kitu, akapandishwa cheo mpaka akawa msimamizi wa mabomba.

Tangu wiki ile aliyofukuzwa, shaa ilihamia pia kifuani mwa Rula, kilomita mbili kutoka kituoni. Pampu ikipumzika, damu yake ilijizungusha, na vitu vya karibu vikazunguka nayo: chai kikombeni, vifungo vya shati, mara mojamoja paka. Mkewe alizoea, akawa anaweka vikombe mbali. Daktari alisikiliza kifua, akaandika kwenye kadi: mshono mbaya wa bomba, usuguliwe mapema. Akaongeza na dawa ya kikohozi, kwa kuwa kikohozi nacho kilikuwepo.

Mkuu wa kituo aliisoma kadi na hakuwa na pingamizi. Alieleza tu kwamba kwa utaratibu bomba hufunguliwa kwa saini ya aliyechomelea, na kumi na nne hayupo kazini. Kama mwenye mshono ni mwingine, ajaze fomu, na cheo chake kitaangaliwa upya. Msimamizi aliichukua fomu. Huu ulikuwa mwezi wa tatu anatembea nayo mfukoni, na maandishi ya kwenye mikunjo yalikwisha kufutika.

Alhamisi hiyo, zamu ilipoisha, alikwenda kwa kaka. Rula alikuwa amelala, shuka likijisokota taratibu miguuni. Alikuwa amekonda. Shaa sasa ilidumu karibu mpaka msukumo uliofuata.

"Karibu, bosi," Rula alisema. "Usisogee sana, utatoka hapa kisogo kimekuwa mbele."

Mkewe hakucheka. Alisema daktari alikuja tena, na kwamba kazi yenyewe ni ya kuusugua ule ukingo kwa tupa tu, ya asubuhi moja. "Shemeji, tupa unayo na funguo unazo. Unangoja nini?"

Msimamizi alianza kueleza habari za fomu na ada za shule za watoto. Rula alimkata.

"Mwache, mama watoto. Nilijua ni mshono wake siku ileile. Mkono wa mtu una mwandiko." Alingoja pampu isukume ili apate pumzi. "Ila sikujua ningechoka hivi."

Pampu ilipumzika mara nne, na pete ya mke wa Rula ikazunguka kidoleni mara nne. Kisha msimamizi aliushika mkono wa kaka yake, na kwa sauti iliyonyooka, ileile ya Alhamisi iliyopita na ya kabla yake, akasema:

"Jumatatu, kaka. Jumatatu naijaza. Nakuahidi."