Kidole cha Tata Muteba

Kitu cha kwanza alichokiona Glodie ni kwamba Mama Kabedi alikuwa anasoma huku miwani ameishika mkononi. Kumbe hukumu alikwisha kuikariri.

Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Tangu Sandoa alikoanzia ujaji mpaka mahakama ya rufaa, miaka ishirini na miwili, hakuwahi kusoma hukumu mbele ya watu bila kuisoma kwanza nyumbani, Jumapili baada ya misa. Glodie, msichana wake wa kazi, alikuwa akipiga pasi pale pale, na hakuna aliyemhesabu.

Jumapili hiyo alisikia jina la Tata Muteba, mzee wa mtaa wa Kasulo. Pasi ikasimama.

Hénock, mpwa wa mzee, alidai kwamba mzee amemuuzia nyumba, akachimba kobalti chini ya chumba cha kulala. Mzee alikana. Lakini karatasi ya mauzo ilikuwa na alama ya kidole cha mzee, na kesho asubuhi ataambiwa ahame.

Glodie alikulia mlango wa pili kutoka kwa mzee. Alijua kwamba siku ya karatasi ile mzee alilala na malaria, hajitambui.

"Unachoma shemizi," Mama Kabedi akasema.

Glodie akainua pasi kutoka kwenye shati, akaomba msamaha, kisha, akiangalia chini, akauliza kama mzee ndiye mwongo. Mama Kabedi akaketi. Wenzake waliamua nini na yeye alitaka nini, hiyo ni siri, hakuigusa. Alisema tu kwamba majaji ni watatu, na aliyeshindwa kwa kura anatia sahihi kama wenzake, anasoma kama vile neno ni lake.

"Mi sihukumu na roho yangu, Glodie. Nahukumu na bile biko mu dossier, mu makaratasi ya kesi. Na mule hamuna mutu aliona."

"Na kama mutu iko?"

Mama Kabedi akaweka miwani juu ya hukumu.

"Aende leo kwa avoka, wakili wa mzee. Na kama anaishi kwangu, mi natoka mu ile kesi."

Kwa hiyo akisema, mzee atampoteza labda jaji pekee aliyemhurumia. Akinyamaza, mzee atapoteza nyumba. Na Hénock bado alikuwa Kasulo, anajua mama yake Glodie analala wapi.

Akachomoa pasi.

"Mzee alikuwa amezimia, Mama. Hénock alileta wino. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, alinituma, sikuweza kukatala. Kile kidole, ni mi njo nilikikamata, nikakikandamiza pa karatasi."