Msamaha Usioombwa

Mama Perez alikuwa amekula kiapo, na mama yule si mtu wa kuapa ovyo. Mwanawe Tobias hangetoka mochari kwenda kuzikwa nyumbani mpaka kiwanda cha Thika kilichomuua kimwombe msamaha. Boila aliyoilalamikia mwezi mzima ilikuwa imempasukia, na mpaka sasa hakuna bosi aliyekuwa amefungua mdomo.

Basi Mutie, meneja wa kiwanda, alipofika nyumbani kwa marehemu kule Ruiru, Mourine, mjane wa Tobias, alimshukuru Mungu. Mutie aliketi ukingoni mwa kochi, akakohoa, akasema kwa Kiingereza, kama mtoto anayekariri, kwamba kampuni "regrets", yaani inasikitikia, kifo cha Tobias.

Mourine hufundisha Kiingereza shule ya msingi, na neno hilo alilijua nje ndani. Mtu husema "regret" hata mvua ikiharibu harusi ya jirani. Anayejua ni mkono wake uliovunja chungu, huyo huomba msamaha, husema "apologise". Akamuuliza meneja, kwa Kiingereza hicho hicho, kwa nini asiseme hivyo. Mutie akajibu kwamba wakili wa kampuni amemkataza katakata, maana kusema hivyo ni kukubali kosa.

"Anasema nini huyu?" Mama Perez, aliyeketi kando yao, aliuliza. Kiingereza hakukijua.

Mourine alimtazama mkwewe, macho yamevimba, kitambaa kimelegea kichwani. Angeweza kumfukuza Mutie pale pale, lakini Tobias naye alikuwa akingoja kule kwenye baridi.

"Anaomba msamaha, Mama."

Mutie alikisikia Kiswahili hicho vizuri sana. Akainamisha kichwa. Mama Perez akajikongoja, akamshika mikono yote miwili, akalia mpaka majirani wakatoka nje.

"Nimekusamehe, mwanangu. Wewe na hao waliokutuma. Sasa wacha mtoto wangu aende nyumbani."

Mourine alimsindikiza Mutie hadi getini, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Moyo ulimuuma kana kwamba amemuuza mumewe. Kabla hajafunga geti, Mutie alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Imeisha, wakili," alisema. "Wametusamehe." Akasikiliza kidogo. "Aa-a, mimi sikuomba. Wamesamehe tu wenyewe."