Meza ya Lorna Yapata Watazamaji

"Sita," alisema Lorna Zadow. "Zimwi linarusha kucha, linakosa. Odrun, zimepita juu ya kofia yako."

Kwenye kioo cha kompyuta yake, mahali ambapo yeye peke yake alipaswa kuona, dadu ya pande ishirini ilikuwa imetulia juu ya kumi na tisa.

Aliitamka hiyo sita bila hata kumeza mate. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisimama kwenye mkanda wa ghala la kufungashia machungwa hapo Renmark, na mkono wake ulikwisha kujifunza kuliondoa chungwa lililooza kabla jicho halijasema kitu. Namba mbaya alikuwa akiziondoa vivyo hivyo, na mpaka Jumapili hiyo saa tisa mchana hakuna aliyekuwa amemshika mkono.

"Mwanangu zimwi," ilijibu sauti nyembamba yenye mikwaruzo, "kabla hatujauana, tunywe chai kwanza."

Huyo alikuwa Odrun, bibi mganga anayetembea na birika mgongoni. Aliyemsemea alikuwa Col Tremayne, mzee wa miaka sabini na mmoja, dereva mstaafu wa lori, aliyeketi peke yake kwenye nyumba ya kupanga kule Streaky Bay.

"Bibi huyu ana roho ya paka," Spiro alisema. Spiro alikuwa fundi magari wa Adelaide, na mdomo wake haukuwa na breki. "Mzee Col, umemlisha nini?"

"Biskuti na ubishi," Col alijibu, na Harpreet, nesi wa Darwin, akacheka mpaka akakohoa.

Miaka tisa walikuwa wameucheza mchezo huu kwenye meza ya jikoni ya Lorna. Yeye alisimulia safari, kila mmoja wao alisema kwa kinywa cha mhusika wake, na dadu ndiyo iliyoamua nani apone na nani afe: namba kubwa ilipiga, ndogo ilikosa. Dadu za maadui Lorna alizirusha nyuma ya boksi la nafaka lililosimamishwa mezani, ili wasijue kinachowajia. Ndivyo meza yao ilivyokuwa. Halafu Spiro akahamia mjini, Harpreet akapata kazi kaskazini, Col na mkewe Bev wakahamia Streaky Bay, na mwezi wa tatu Bev akafariki. Meza ikahamia mtandaoni, na boksi la nafaka likawa alama ndogo ya kubofya: namba zionekane na mwendeshaji wa mchezo tu, yaani yeye.

Odrun alikuwa wa Bev. Yeye ndiye aliyemtunga, birika na sauti na yote. Baada ya mazishi Col aliomba kitu kimoja tu, karatasi ya sifa za Odrun ili amcheze yeye, na tangu hapo kila Jumapili kwa saa tatu alizungumza kwa sauti ya mkewe. Wiki ya tatu namba ikaja ya kumwua Odrun. Lorna aliitazama, akamsikia Col akihema kwenye kipaza sauti, akasema uongo. Angewezaje kumzika Bev mara mbili ndani ya mwezi mmoja?

Leo ilikuwa mara ya nne. Na leo, kwa mara ya kwanza, meza ilikuwa na watazamaji.

Aliyeomba ni Jodie, binti wa Col na Bev, aliyefanya kazi Karratha. "Anti Lorna, niruhusu nitazame," alikuwa amemwambia kwenye simu. "Baba anaongea kama mama kila wiki. Sijui kama kunamponya au kunamla. Nikiona kunamla, nakuja kumchukua." Spiro aliposikia mlango umefunguliwa akawaalika wenzake wawili wa gereji. Watazamaji wakawa watatu, wasio na sauti wala dadu, majina yao yamepangwa chini ya kioo.

Sasa ujumbe ukajitokeza pembeni, wa Lorna peke yake. Ulitoka kwa Jodie.

"Anti, mbona mimi naona kumi na tisa?"

Lorna alifungua ukurasa wa mipangilio. Jumamosi alipojaribu mlango wa watazamaji, ramani ya mchezo ilikuwa nyeusi tupu, basi akaweka alama kwenye kisanduku kilichosema watazamaji waone anachokiona mwendeshaji. Alidhani ni ramani tu. Kumbe alikuwa ameliangusha boksi la nafaka kwa mkono wake mwenyewe, upande wa wageni.

"Lorna, zamu ya nani?" Harpreet aliuliza.

"Yako. Fikiria vizuri, daraja linayumba."

Wakati Harpreet akifikiria, kwenye safu ya maneno ya watazamaji, ambayo wachezaji hawakuiona, mmoja wa vijana wa gereji aliandika: "Bibi ana bahati." Mwenzake akamjibu: "Bahati ipi, soma namba." Kisha wote wawili wakanyamaza, na ukimya huo ulimtisha Lorna kuliko maneno. Kesho asubuhi wangekuwa na Spiro chini ya gari moja. Njia ya mwongo ni fupi, na Lorna aliuona mwisho wa yake.

Jodie akaandika tena. "Umefanya hivi mara ngapi?"

"Nne."

"Anajua?"

"Hajui."

Lorna aliona vile vinukta vinavyoonyesha mtu anaandika. Vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. Harpreet alirusha mshale, ukalikwaruza zimwi, Spiro akatamba kwamba yeye angelichoma jicho. Lorna aliwajibu kwa sauti ya kawaida. Aliona aibu. Aliogopa zaidi kuliko alivyoona aibu, maana meza ile ilikuwa ndiyo jamaa yake yote aliyobaki nayo.

Ujumbe ukafika. "Mama angekuchapa kwa lile birika."

Lorna alikumbuka. Mwaka wa pili wa mchezo, Bev aliwahi kumshuku kwamba anampendelea. Hakugombana. Aliinyoosha mikono yake yenye mabaka ya jua, akalilaza boksi la nafaka taratibu mezani, akasema, "Kama kifo ni changu, nikione kikija." Kisha akamwomba Col amwongezee chai.

"Zamu ya zimwi," Spiro alisema. "Haya dada, turushie maafa."

Lorna aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Ngojeni kwanza. Col, ile sita haikuwa sita. Ilikuwa kumi na tisa."

Kwenye dirisha lake dogo Col alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza injini.

"Ulisoma vibaya?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe.

"Sikusoma vibaya. Nilidanganya. Si leo tu, ni mara nne."

"Lorna, acha utani," Spiro alisema.

"Spiro, nyamaza kidogo," alisema Harpreet.

Col alivua miwani. "Ya kwanza lini?"

"Kwenye mgodi wa chumvi. Mwezi wa nne."

"Nilikuwa bado sijatoa nguo zake kabatini."

"Najua. Ndiyo maana."

"Ulinionea huruma."

"Nilikuonea huruma. Na mimi mwenyewe sikutaka aende, Col. Nilimpenda."

Lorna alingojea mzee akate mawasiliano. Aliona tayari Jumapili zijazo, yeye na meza yake ya jikoni, viti vitupu na kompyuta imefungwa. Chini ya kioo majina ya watazamaji yalikuwa palepale.

"Basi kumi na tisa ni kumi na tisa," Col alisema hatimaye. "Zile tatu zimeshapita, siwezi kuzifukua. Hii imempiga. Amebaki na dadu ya mwisho, sivyo? Kumi kwenda juu anaamka."

"Kumi kwenda juu anaamka. Naweza kuirusha hapa, wote waione."

"Hapana. Ninayo ya Bev hapa."

Meza yao iliruhusu jambo hilo tangu zamani: mwenye dadu yake mkononi aliweza kuirusha nyumbani kwake, akasoma namba, akaaminiwa. Kamera ya Col ilimwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu. Waliuona mkono wake ukinyanyuka, ukatikisa. Kisha waliisikia dadu ikikimbia juu ya mbao, ikigonga kitu, pengine kikombe, ikatulia.

Col aliinama akaitazama. Aliitazama muda mrefu kuliko namba yoyote inavyohitaji.

"Tisa," alisema.

Hakuna aliyemwambia aionyeshe.

"Odrun anaanguka," Lorna alisema. "Ana pumzi moja. Anasema nini?"

Col alivaa miwani. Ile sauti nyembamba ikarudi, bila kutetereka.

"Birika msiliache darajani, wapumbavu nyie. Lina maji ya moto."

"Nimelichukua, bibi," Harpreet alisema huku analia waziwazi. "Nimelibeba mgongoni."

Kwa desturi yao, aliyefiwa na mhusika hakuondoka siku ile. Aliketi akatazama mpaka mwisho, ndipo wiki iliyofuata alete mhusika mpya, kama alitaka. Col alijua desturi hiyo vizuri. Hakuaga. Dirisha lake la picha likazimika, kipaza sauti kikafungwa, na jina lake likatoka juu ya kioo, kwenye nafasi ya wachezaji.

Lorna aliondoa ile alama ya kuficha namba.

"Zamu ya zimwi," alisema. "Spiro, linakujia wewe."

Dadu ikajibiringisha mbele ya macho ya wote. Ilipokuwa bado inazunguka alitupa jicho chini, kwenye orodha ya watazamaji. Walikuwa wanne sasa. Vijana wa gereji, Jodie, na chini yake, majina yao mawili yakiwa yamekaribiana kama watu wa benchi moja, herufi tatu: Col.